Hewa ya Ndege na Kuta Zisizofika Juu

Hapana, ndege si mkebe, nilimwambia mamdogo, na si kweli kwamba watu wakishafungiwa humo wanavuta pumzi moja mpaka wateremke. Hewa inaingia kutoka nje. Nyingine inapitishwa kwenye chujio ndipo inarudishwa. Inateremka kutoka juu ya kichwa chako, inatokea chini karibu na miguu, safu yako hiyo hiyo. Haitembei kutoka kwa rubani mpaka vyoo vya nyuma, kama alivyokuwa akinionyesha yeye kwa mkono wenye machicha. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye simu tangu alfajiri mpaka bando likakata. Sikuwa nabahatisha.

Mamdogo alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi. Hakuinua macho.

"Dirisha lake linafunguka?"

Nikasema halifunguki.

"Basi ni mkebe."

Nikaona nimweleze kwa kitu kilicho mbele yake. Nikaokota kifumbu chake cha kuchujia tui, nikamwambia chujio la ndege ni kama hiki, ila matundu yake ni madogo mno, hata vijidudu vinanasa. Akakitazama kifumbu, halafu akanitazama mimi.

"Kifumbu kinazuia machicha, tui linapita. Sasa huo ugonjwa ni machicha au ni tui?"

"Machicha."

"Nani kakwambia? Umeuona?"

Mimi subira sina, sijawahi kuwa nayo. Nikamwambia kama ni lazima nione ndio nisadiki, basi hata yeye asiuogope, kwa sababu na yeye hajauona. Akacheka kidogo, cheko lake lile la puani, akaendelea kukuna. Nilijua ameshinda, maana mwenye kukasirika nilikuwa mimi.

Tulikuwa tukibishana juu ya mama. Mamdogo ni mdogo wake, na ndiye aliyenilea tangu mama alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Mama aliondoka mimi nikiwa darasa la sita. Sasa nilikuwa kidato cha tatu, shule zimefungwa kwa korona, nashinda nyumbani Garsen nikisoma chochote kilichoandikwa, hata maandishi ya kwenye gunia la mchele. Ndege zilikuwa zimesimamishwa kitambo, kisha zikaruhusiwa tena. Tajiri wake mama akamwambia mkataba umekwisha, tikiti ya kurudi nyumbani iko, achukue sasa au aweke sahihi upya. Kuweka sahihi upya maana yake ni miaka mingine miwili.

Na nyanya, mama yao wote wawili, alikuwa mgonjwa wa kifua. Ana pumu ya zamani, ya miaka mingi ya kupika kwa kuni mbichi. Msimu wa baridi ile ya asubuhi alikuwa analala ameketi, mito mgongoni, na sisi tunasikia kifua chake kama mtu anayeburuta jamvi sakafuni. Redio ilikuwa imeshasema watu wa namna yake ndio wanaochukuliwa na ugonjwa ule. Kwa hiyo mamdogo hakuwa mbaya. Alikuwa na mama mmoja tu, na alitaka abaki naye.

Ila mimi pia nilikuwa na mama mmoja tu.

Siku ile jioni mama alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa akizungumza chini chini, nadhani jikoni kwa tajiri, kuna bomba linatiririka nyuma yake. Niliusikiliza nikiwa nimejificha nyuma ya choo, simu nimeibana sikioni.

"Mwanangu, mamdogo wako anasema nisije. Nyanya yako anasema nije. Mimi mwenyewe sijui. Nikimletea mama yangu ugonjwa nikamuua, sitaishi. Wewe umesoma, na wewe hunidanganyi. Niambie. Nije, au nisije?"

Nilitaka kumjibu hapo hapo, njoo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nikaogopa. Nilikuwa namtaka hata nikashindwa kujua kama ninasoma yaliyoandikwa au ninasoma ninayoyapenda. Maana mtu akitamani kitu hivyo, kila ukurasa unampa ruhusa. Nilikuwa nimefika mahali nasahau mambo yake. Nilikumbuka anavyofunga leso, nilikumbuka anavyoita paka. Nilichosahau ni namna alivyokuwa akipumua usingizini. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, mgongo wangu tumboni kwake, na pumzi yake ilikuwa inanipiga shingoni usiku kucha, na mimi nilikuwa nalalamika joto. Simu haina hicho. Simu inakupa uso tu, tena nusu, kwa sababu mama hajui kuishika.

Basi nikarudi kusoma, safari hii nikitafuta ubaya. Nikaupata. Hiyo hewa nzuri haikutoshi kama aliyekaa kando yako ni mgonjwa na anakohoa upande wako. Inategemea pia mashine ziwe zinafanya kazi. Ndege ikiwa imesimama chini bado, abiria wamejaa wanasukumana na mabegi, hewa inaweza kuwa nzito. Halafu kuna foleni za uwanjani, kuna basi la kuwapeleka kwenye ndege, kuna chakula, ambapo wote wanateremsha maski kwa pamoja kama walioambiana. Nilimpelekea mamdogo yote hayo bila kuficha, nikidhani atafurahi.

Hakufurahi. Aliuliza, "Na huyo wa kiti cha kando atakuwa nani?"

Nikasema hatujui.

"Ndiyo hiyo. Hatujui."

Aliyetusaidia ni jirani yetu mwenye duka, mama mmoja wa Kisomali, ambaye mtaani kwetu ndiye peke yake aliyekuwa amepanda ndege. Alikuwa amekwenda Hija na kurudi, na tangu hapo hakuna jambo la angani lisilopita kwake. Alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka mlangoni mbali na nyanya, maski kidevuni, akatueleza. Alisema ndege ni baridi, yeye alivaa leso mbili juu ya buibui na bado meno yakagongana. Alisema juu ya kichwa kuna kijitundu, unakizungusha, upepo unakushukia usoni mpaka macho yanatoa machozi.

"Upepo wa mkebeni huo unatoka wapi?" mamdogo akauliza.

"Mimi nilikwenda kwa Mungu, shoga, sikwenda kukagua mabomba."

Nyanya akacheka mpaka tukamsogezea ile dawa yake ya kuvuta. Alipotulia alisema kwamba yeye hakuuliza habari ya ndege. Ameuliza siku nyingi mtoto wake anakuja lini, na kila akiuliza anaelezwa habari za mabomba.

Jioni ile mamdogo alilegea. Hakusema amelegea. Alisema, akija, chumba cha ndani kitakuwa chake wiki mbili, mlango umefungwa, na hakuna wa kuingia. Nilikubali kabla hajamaliza. Nikamjibu mama. Nikamwambia njoo, na sikuishia hapo kwa sababu alitaka ukweli: nikamwambia hatari ipo, ila ya ndege inaweza kupunguzwa. Aombe kiti cha dirishani, akikaa asizurure. Maski aivae sawasawa, ikae juu ya pua, hata kabla ya ndege kuwasha mashine, hapo zaidi. Kile kijitundu akifungue. Chakula kikija, amwache jirani yake ale amalize afunike mdomo, ndipo na yeye ale. Kuku akipoa asijali.

Akajibu kwa neno moja, haya. Baadaye akatuma jingine: "Umekua."

Nilikaa na neno lile siku nzima. Halikunifurahisha kama alivyodhani. Nilitaka aje anione nikiwa bado mdogo.

Alisafiri. Alipofika Nairobi alinipigia, akanisimulia kwamba kando yake aliketi mwanamke wa Busia, naye anatoka kazini kule kule, na wote wawili walikaa njia nzima wakitazamana kwa macho bila kusema, kila mmoja akimwogopa mwenziwe, mpaka wakati wa chakula mama alipomwonyesha kwa ishara, kula wewe kwanza. Yule mwanamke akaelewa. Wakala kwa zamu. Wakati wa kuteremka walipungiana mikono kama ndugu. Nilicheka, na nilijivuna, sikatai. Nilijiona mimi ndiye niliyemvusha.

Kutoka Nairobi angeteremka Mombasa siku hiyo hiyo, alale kwa shoga yake, kwenye baraza la nje, kisha achukue basi la asubuhi, adhuhuri awe Garsen.

Jioni ile tukatayarisha chumba. Mamdogo aliingia kazini kama mtu anayepakia jahazi. Dirisha la chumba cha ndani ni dogo, la mbao, na mbao zina nyufa. Akaziba nyufa kwa matambara. Juu yake akapigilia gunia. Chini ya mlango akaweka leso iliyokunjwa, ili hata pumzi isitoke. Hata kama si ugonjwa, alisema, tuna mbu. Na hilo kila mtu wa Garsen analijua: magharibi ikiingia, mbu wanatoka mtoni na kwenye mashamba ya mpunga kama mvua, na nyumba isiyofungwa mapema hailaliki. Sisi sote tumezoea hivyo. Jua likianza kuzama tunaziba, tunawasha mavi makavu ya ng'ombe kwenye sufuria mbovu, tunafukiza moshi kidogo mlangoni, mbali na nyanya, tunalala humo. Sijawahi kufikiria kwamba kuna namna nyingine ya kulala.

Nilimsaidia. Nilishika misumari. Niliona chumba kinavyokuwa kizito, na nikafikiri, hivi ndivyo wanavyofanya hospitalini.

Jirani yetu akaleta uunsi, ule udi wao wa Kisomali unaopikwa na sukari, wanaofukizia nyumba mgeni anapokuja. Alisema uunsi unaua harufu ya safari. Mamdogo akasema kama unaua harufu basi na mengine utaua, akautia mwingi kwenye chetezo pamoja na ile sufuria ya mavi makavu, akaviweka katikati ya chumba, akafunga mlango, akasukuma ile leso kwa kidole cha mguu. Halafu akajifuta mikono. Alikuwa amechoka na ameridhika, na mimi nilimpenda wakati ule. Alikuwa anampokea dada yake kwa namna aliyoiweza.

Nikaenda chumbani kwa nyanya kumsugua miguu kwa mafuta ya nazi. Chumba chake kimepakana na kile.

Lazima nieleze nyumba yetu. Kuta zake za ndani hazifiki juu. Zinafika pale mkono wa mtu mrefu unapofika, basi, zinakoma, na kutoka hapo mpaka mabati ni wazi nyumba nzima. Nyumba nyingi kwetu ziko hivyo, joto lipate pa kwenda. Taa yetu ni moja, inaning'inia juu ya ukuta wa sebule, na inamulika vyumba vyote vitatu. Ukipiga chafya sebuleni, unaambiwa afya kutoka vyumba vyote. Nilizaliwa nikaikuta hivyo, na sikuwahi kuiangalia.

Nilikuwa nimeushika mguu wa kushoto wa nyanya. Yeye alikuwa ananiuliza kama mama amenenepa, nami namwambia kwenye simu huwezi kujua. Nikaona anatazama juu. Nikatazama na mimi.

Moshi ulikuwa unavuka ukuta. Haukuwa mwingi mwanzoni. Ulipanda kutoka chumba kile tulichokiziba, ukagonga mabati, ukajikunja chini ya taa pale pale nikauona vizuri, mweupe, hauna haraka, kisha ukaanza kuteremka upande wetu. Uliteremka moja kwa moja juu ya kitanda. Nilihisi utamu wa uunsi mdomoni. Nyanya akakohoa mara moja, kisha hakuweza kuacha.

Nilimwinua, mamdogo akaja mbio, tukamburuta mpaka uani na mito yake yote. Dawa ya kuvuta ikatafutwa, ikapatikana chini ya godoro. Mbu wakamshukia, tukawafukuza kwa leso. Ilichukua muda kifua kile kukubali kutulia. Mamdogo alikuwa analia bila sauti huku anampepea, akirudia kwamba ni moshi tu, mama, ni moshi tu.

Ndiyo, ulikuwa moshi tu. Lakini mimi nilikuwa nimeuona ulivyopita. Wiki nzima tulikuwa tumegombana juu ya hewa ya ndege, ambayo ina mabomba na chujio na watu waliosomea kuipeleka. Hewa ya nyumba yetu hakuna aliyeiuliza. Kile chumba hakikuwa kimefungwa hata kidogo. Tulikuwa tumekifungia dirisha na mlango, njia mbili ambazo hewa ingetokea nje, na tukakiachia njia moja tu, ya kwa nyanya. Mama angelala mle wiki mbili, akipumua, na kila pumzi yake ingepanda, igonge mabati, imshukie mama yake kitandani.

Nikamwambia mamdogo hivyo. Nilijua nikisema atafika wapi, na bado nilisema.

Hakubisha. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Alitazama juu kwenye paa letu, akatazama mlango, akaniambia kwa upole, "Basi mpigie. Mwambie abaki Mombasa."

"Abaki kwa nani? Shoga yake ana chumba kimoja na watoto wanne."

"Umesema wewe, si mimi. Nyumba hii haimfai."

Nilipiga. Mama alishika simu kabla haijalia vizuri, akauliza mama yake ana nini, kama watu wa mbali wanavyouliza siku zote. Nikamweleza yote, chumba, gunia, moshi. Nilisikia magari ya Mombasa nyuma yake, na sauti yake ikaja karibu sana, si ya Uarabuni tena.

"Nimevuka bahari nzima, mwanangu, nikila kwa zamu na mtu nisiyemjua. Sasa nishindwe na ukuta wa mama yangu?"

Nikamwambia angoje. Sikujua angoje nini.

Ni nyanya aliyetuona tumesimama hivyo, mimi na simu, mamdogo na leso. Pumzi ilikuwa imemrudia, amejifunika khanga mpaka kichwani kwa sababu ya mbu. Akasema kwamba hapa nje kifua kimefunguka. Akasema tusimrudishe ndani kwanza. Hakuwa anatufundisha kitu, alikuwa anataka tu kukaa.

Na kweli hapo nje upepo ulikuwa unapita. Ule wa kusi, wa kila siku, unaotujazia mchanga kwenye chai na tunaoulaani kutwa. Nilihisi unapiga shavu moja tu. Nikageuka mpaka ukanipiga usoni sawasawa, ili nijue unatoka wapi. Mbele yangu, upepo unakotoka, kulikuwa na mlango wa jikoni. Nyuma yangu, mwisho wa ua, kulikuwa na lile banda la makuti ambalo nyanya alikuwa akianikia mahindi alipokuwa na nguvu za kulima. Halina kuta. Lina nguzo nne na paa, na kuku.

"Mama," nikamwambia kwenye simu, "panda hilo basi. Kaa dirishani, na dirisha ulifungue. Wakilalamika vumbi, waache walalamike."

Akauliza atalala wapi.

"Nje," nikasema. "Utalala nje."

Mamdogo alifungua mdomo, akataja mbu. Nikamwambia najua. Akataja watu watasema nini, mtu katoka Uarabuni analazwa na kuku. Nikamwambia hilo pia najua. Ndipo akaniuliza kama nitahitaji ile misumari.

Tulimrudisha nyanya ndani moshi ulipokwisha, lile gunia tumeling'oa na dirisha liko wazi, chandarua kimefungwa vizuri kwa kitambaa. Alisinzia ameketi. Nililala chini kando yake, nikisikiliza jamvi lile likiburutwa kifuani mwake, na nikapanga asubuhi yangu.

Niliamua nitaamka kabla ya mamdogo, niwatoe kuku, nifagie banda. Nitakifungua chandarua cha kitanda changu nikifunge kwenye zile nguzo nne. Kiti cha nyanya nitakiweka kwenye mlango wa jikoni, upande upepo unakotoka, na kitanda cha mama bandani, upande unakokwenda, na katikati sitaweka kitu, waonane. Halafu nitakwenda stendi. Watu watakuwa wengi pale, kila mmoja anamrukia wake. Mimi nitasimama mbali, mgongo kwenye upepo, maski juu ya pua, na akiteremka sitamkimbilia. Nitamwita tu. Upepo utampelekea sauti yangu, na harufu yangu pia, ya mafuta ya nazi na moshi. Yake nitaingoja, wiki zile mbili.